Ufa wa Mfupa wa Wayo: Plasta au Kisu?

Makocha, wanariadha na wenzangu wa tiba ya viungo, karibuni. Naomba kila mmoja avue kiatu kimoja. Inua kidole gumba mpaka kano yake ijitokeze juu ya wayo, kisha uifuate kurudi nyuma hadi karibu na kifundo. Kando yake, upande wa ndani, juu kabisa ya upinde wa wayo, pana mfupa unaoitwa navikula. Mkimbiaji akibonyezwa hapo kwa ncha ya kidole akashtuka kwa maumivu, asikimbie tena hadi apimwe, hata kama eksirei imetoka safi.

Nasema hivyo kwa sababu ufa wa aina hii hauji kwa kuanguka. Mfupa hujibomoa na kujijenga kila siku. Mazoezi yakiongezwa ghafla, ubomoaji huutangulia ujenzi, na mfupa hupasuka mstari mwembamba kama unywele. Eksirei ya wiki mbili tatu za mwanzo mara nyingi haiuoni. MRI, picha ya sumaku, huuona mapema, na CT, eksirei ya tabaka kwa tabaka, huonyesha umezama kiasi gani.

Swali la kwanza la mwanariadha huwa moja: nipasuliwe au nisipasuliwe? Mimi humrudishia lingine: ni mfupa upi? Ufa ukiwa katikati ya mfupa mrefu wa wayo unaoelekea kidole cha pili au cha tatu, au kwenye kisigino, upasuaji hauhitajiki. Avae kiatu chenye soli ngumu au buti la tiba, aache kukimbia wiki 4 hadi 6, arudi polepole. Hapo hatuna ugomvi.

Navikula ni habari nyingine. Sehemu yake ya katikati hupata damu kidogo, na ndiyo inayobanwa kila mguu unaposukuma ardhi. Tena maumivu yake ni ya kudanganya: siku chache za mapumziko yanapotea, mtu anarudi mazoezini, na ufa unaendelea kushuka kutoka juu kwenda chini.

Ukiwa umekata ganda la juu tu, tiba ni plasta na magongo kwa wiki 6 hadi 8, bila kukanyaga kabisa. Si kukanyaga kidogo, si kwa kisigino, si kwenda chooni tu. Utafiti wa madaktari wa Australia uliochapishwa mwaka 1992 ulionyesha kwamba kati ya 22 waliofungwa plasta bila kukanyaga kwa angalau wiki 6, 19 walirudi michezoni. Kati ya 34 waliopunguza mazoezi huku wakiendelea kukanyaga, waliorudi ni 9. Kwa hiyo mgonjwa anapokuja kliniki, geuza plasta utazame chini yake. Ikiwa imechafuka na kulainika, ujue amekanyaga, na wiki zile msizihesabu.

Plasta ikitolewa, bonyeza tena pale pale. Pakiuma, arudi kwenye plasta wiki mbili nyingine. Ufa uliovuka mfupa mzima, vipande vilivyoachana, au plasta iliyoshindwa kuponya, hao ndio wa kisu: skrubu, mara nyingi mbili, hupitishwa kukatiza ufa, na ukiwa wa zamani hujazwa mfupa uliochotwa nyongani. Hata baada ya kupasuliwa, magongo hayakwepeki.

Mfupa mrefu wa wayo unaoelekea kidole kidogo, karibu na shina lake, ndipo mimi humshauri mwanamichezo wa ushindani apasuliwe mapema. Plasta huweza kuponya, lakini huchukua muda mrefu na ufa hurudi mara nyingi. Skrubu moja huingizwa ndani ya uwazi wa mfupa. Ikiwa nyembamba, hupinda au kukatika. Madaktari wengi hawatumii yenye unene chini ya milimita 4.5. Ikiwa ndefu mno, huunyoosha mfupa uliopinda kwa asili, na ufa hufunguka upande wa nje. Meno yake yote ya kukazia lazima yawe yameuvuka ufa, la sivyo haubanwi. Kevin Durant wa mpira wa kikapu alipasuliwa mfupa huu Oktoba 2014. Kufikia mwisho wa Machi 2015 alikuwa amerudi chumba cha upasuaji mara mbili zaidi, ya mwisho ya kupandikizwa mfupa. Skrubu hushikilia tu. Kuunga ni kazi ya mfupa wenyewe. Kwa hiyo CT ionyeshe umeunga kabla ya mechi, hata kama mguu hauumi na ligi inaita.

Kurudi kuanze kwa kutembea dakika 30 bila maumivu, kisha kukimbia dakika moja na kutembea dakika moja, siku moja ndiyo, siku moja hapana. Kwa navikula, tarajieni miezi 4 hadi 6. Na kabla ya kulaumu viatu, ulizeni chakula. Pimeni vitamini D. Binti aliyekosa hedhi miezi mitatu mfululizo huenda anakula pungufu ya anachotumia mazoezini. Apelekwe kwa daktari akiwa bado kwenye plasta, kwa sababu mfupa wenye njaa hauungi, uwe na skrubu au usiwe nayo.