Mafunzo ya Maudhui Fikivu Yamfuate Aliye Kazini

Wakuu wa vyuo na wakufunzi wenzangu,

Tanzania ina Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na pamoja na Kenya imejiunga na Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, unaoruhusu vitabu kuandaliwa kwa ajili ya wasioona bila kuomba kibali cha mwenye hakimiliki. Hata hivyo, wanaoandaa maudhui kila siku, yaani maofisa habari wa halmashauri, wahariri wa video na wachapaji wa vitabu, walishahitimu zamani na hawawezi kuacha kazi mwaka mzima ili warudi darasani. Ninapendekeza tuigawe stashahada yetu ya maudhui fikivu, yaani yale ambayo watu wenye ulemavu nao wanaweza kuyatumia, katika kozi fupi zinazojitegemea, kila moja ikiwa na cheti chake na krediti za kujumlishwa baadaye, kwa kuwa mfumo wa tuzo unaosimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi, tayari unatumia moduli na krediti.

Kozi ya kwanza iwe ya nyaraka. Tangazo la ajira lililopigwa skani na kuwekwa kwenye tovuti ni picha tu, na kisoma skrini, yaani programu inayosoma kwa sauti kilicho kwenye kompyuta, mara nyingi hakipati hata neno moja la kumsomea asiyeona. Mwanafunzi afundishwe kupanga vichwa vya habari kwa mitindo ya programu yenyewe badala ya kukoleza herufi tu, kuandika maelezo mbadala ya picha, na kuhakikisha kuwa maandishi ya kawaida yanatofautiana na rangi ya nyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Kifaa cha kujipimia hakina gharama: kisoma skrini kiitwacho NVDA hupatikana bure, na sauti yake ya eSpeak husoma Kiswahili, ingawa kwa lafudhi ngumu. Mtihani uwe huu: mwanafunzi azime kioo cha kompyuta, kisha aupitie waraka wake mwenyewe kwa kibodi na masikio.

Ufupi huu una mipaka yake, na ni lazima tuiseme wazi. Hakuna anayeweza kufunzwa ukalimani wa lugha ya alama kwa wikendi tatu. Kozi fupi ya video imfundishe mtayarishaji kuandika manukuu sahihi, yaani maneno yanayosemwa yakionekana chini ya picha, na kumweka mkalimani mahali penye mwanga, kwa ukubwa unaoonyesha mikono na uso. Ukalimani wenyewe ubaki kuwa mafunzo ya miaka.

Tena viwango hubadilika. Mwongozo wa kimataifa wa kufanya maudhui ya wavuti yawe fikivu, WCAG, toleo la 2.0 ulitoka mwaka 2008, 2.1 mwaka 2018 na 2.2 mwaka 2023, na kozi fupi hurekebishwa upesi kuliko mtaala mzima wa stashahada.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni watahini. Kazi za wanafunzi zipimwe na wasioona, viziwi na wenye uoni hafifu, nao walipwe kama watahini wengine. Kwa hiyo jukwaa la kufundishia mtandaoni lijaribiwe kwanza kwa kisoma skrini, na fungu la malipo yao liingizwe katika bajeti ya chuo kabla ya kutangaza nafasi za masomo.