Ligeuze Kwanza: Kuchagua Stili ya Pedali ya Kusafiri Nayo

Mhadhara kwa wanamuziki wa Afrika Mashariki waishio Dallas, Texas

Wazee wetu, shikamooni. Kaka na dada zangu wanamuziki, asanteni kwa kufika.

Mwaka huu vijana watatu wamenijia na swali lile lile: nataka kununua stili ya pedali nizunguke nayo na bendi, ninunue ipi? Najua wanatarajia jina la kampuni. Mimi huwajibu kwamba gitaa hili linanunuliwa kutokea chini. Ukienda kuliangalia, mwombe mwenyewe ruhusa, lilaze kifudifudi ndani ya kasha lake, kisha uinamie tumbo lake na tochi. Rangi nzuri ya juu, nakshi za shingoni, jina lililoandikwa kwa herufi za dhahabu, hayo yote yasubiri.

Kwa wale ambao hawajawahi kuliona karibu, niseme kidogo. Ni kama meza nyembamba yenye miguu minne. Juu yake zimelala nyuzi 10, au 20 kama gitaa lina shingo mbili. Mkono wa kushoto unatelezesha kipande kizito cha chuma juu ya nyuzi, mkono wa kulia unakwanyua kwa kucha za bandia. Mguu wa kushoto uko kwenye pedali, magoti yote mawili yanasukuma nyenzo huku na huku, na mguu wa kulia unaongoza pedali ya kukuza na kupunguza sauti. Ukikanyaga pedali, shafti inazunguka kidogo na kuvuta fito nyembamba za chuma zilizopita chini ya tumbo mpaka upande wa kulia, kwenye mtambo tunaouita chenja. Hapo kila uzi umepita juu ya kidole cha alumini. Kidole kikivutwa uzi unakazika, kikiachiliwa unalegea, na wakati wote huo uzi bado unalia.

Katika tyuning ya E9, yaani mpangilio wa sauti za nyuzi ambao wengi wetu tunautumia, pedali ya kwanza inapandisha uzi wa 5 na wa 10 kutoka B hadi C shapu. Ya pili inapandisha uzi wa 3 na wa 6 kutoka G shapu hadi A. Zikanyage pamoja, kodi ya E, yaani sauti kadhaa zinazolia pamoja, inakuwa kodi ya A bila mkono wa kushoto kusogea hata kidogo. Hiyo ndiyo sauti niliyoisikia nikiwa mtoto Nakuru, redio ikipiga nyimbo za kantri jioni, nikawa najiuliza ni chombo gani hicho kinachopanda ngazi bila kukanyaga vidato.

Historia yake inatosha mhadhara mwingine. Kwa leo nitaje tu kwamba mtindo wa kulaza gitaa na kutelezesha chuma ulitoka Hawaii mwishoni mwa karne ya 19, na Joseph Kekuku ndiye anayetajwa zaidi. Kwamba mwanzoni mwa miaka ya 1950 mpiga stili Bud Isaacs alianza kukanyaga pedali huku nyuzi zikilia, na wapigaji wa Nashville, mji wa muziki wa kantri, wakakimbilia karakana zao kumfuata. Na kwamba hapa Marekani makanisa ya watu weusi ya House of God yamekuwa yakisifu kwa stili tangu miaka ya 1930. Na anayedhani hiki ni chombo cha wachunga ng'ombe peke yao, amsikilize Demola Adepoju, Mnigeria aliyekipiga katika bendi ya King Sunny Adé wakati muziki wa juju wa Nigeria ulipozunguka dunia mwanzoni mwa miaka ya 1980. Chombo kile kile, na kilisafiri.

Tumbo, sasa. Fito ziwe zimenyooka. Fito iliyopinda inavuta kama mtu aliyelewa: leo hapa, kesho pale. Shika kila shafti kwa vidole uitikise. Ikicheza kwenye bushi zake, utasikia mlio wa chuma kila unapokanyaga, na kwenye maikrofoni ya kanisa tulivu mlio huo ni aibu. Angalia springi kama zimeshika kutu. Halafu tazama vile vinati vya nailoni mwishoni mwa kila fito, ambavyo ndivyo tunavyotyunia pedali. Kwenye magitaa mengi ya kisasa vina kipimo kimoja, inchi 3/16, na hilo si jambo dogo kwa msafiri. Maana yake ni kwamba kikipasuka kimoja ukiwa Tulsa saa kumi jioni, mpiga stili yeyote wa mji ule anaweza kukupa cha kwake.

Ukimaliza, lisimamishe, toa tyuna. Nawaombeni sana msilipe hata senti moja kabla ya majaribio haya mawili.

La kwanza. Tyuni uzi wa 4, ule wa E, uukwanyue, kisha kanyaga pedali zote mbili za mwanzo. Uzi wa 4 hauhusiki na pedali hizo, kwa hiyo haupaswi kusogea. Lakini utasogea, kwa sababu nyuzi nyingine zikikazika mbao ya mwili inajikunja kidogo, na zile zisizoguswa zinalegea. Ukishuka senti 2 au 3 za tyuna (senti 100 ni nusu toni), hakuna atakayesikia. Ukishuka senti 10, mpiga fidla atakugeukia, na wewe utadhani ni mkono wako umekosea. Nimeona watu wakijilaumu miaka mingi kwa kosa la mbao.

La pili ndilo ninalolipa uzito kuliko yote. Kwenye uzi huo huo wa 4 kuna wenzo wa goti unaoushusha hadi E flati, na mwingine unaoupandisha hadi F. Ushushe, uachie, soma tyuna. Upandishe, uachie, soma tena. Gitaa zuri linarudi mahali pamoja. Gitaa baya linarudi mahali pawili, na hapo huna namna ya kulityuni, kwa sababu E yako inategemea ulitoka wapi. Wakati mwingine ni uchafu tu: ukiosha chenja na kutia tone la mafuta ya cherehani, inapona. Wakati mwingine ni mhimili uliolika, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye mashine. Muuzaji akikuambia ni uchafu, mwambie kwa upole aoshe, wewe utarudi kesho.

Gitaa la kurekodia nyumbani laweza kuwa na sauti ya ajabu na tabia mbaya, ukavumilia, kwa kuwa una muda. Kwenye safari huna muda. Unashusha vyombo saa kumi, majaribio ya sauti saa kumi na moja, baridi au joto, na lazima lisimame pale pale liliposimama jana. Kwangu mimi neno "imara" lina maana hiyo: kurudi.

Kuhusu aina ya mtambo, nitasema ninavyoamini. Stili za kampuni ya Fender za mwishoni mwa miaka ya 1950 zilivuta kwa kebo, kama breki ya baiskeli, na kila aliyewahi kuendesha baiskeli anajua kebo hulegea. Mpiga stili Buddy Emmons, baada ya kuanzisha kampuni ya Sho-Bud pamoja na Shot Jackson, alitoka na mwaka 1963 akaanzisha kampuni yenye jina lake, wakatengeneza mtambo unaoitwa push-pull, wa kusukuma na kuvuta. Sauti yake wengi wetu hatujaisikia mahali pengine. Nikikaa mbele ya push-pull iliyotunzwa, nasahau chakula. Lakini kuhamisha badiliko moja tu la pedali kwenye mtambo ule ni kazi ya saa nyingi ya fundi anayeujua hasa, na mafundi hao hawapo kila mji. Kwa safari, chukua mtambo wa kuvuta tu, ule wa all-pull uliomo kwenye karibu magitaa yote mapya, ya Mullen, ya MSA, ya Williams na mengineyo. Unarekebishwa kwa alenki, ule ufunguo wa pembe sita, na spana ndogo ya kutyunia, mwenyewe, umekaa nyuma ya gari.

Shingo moja au mbili? Hapa vijana hawanipendi. Gitaa la shingo mbili lina heshima yake, na shingo yake ya pili, yenye tyuning ya C6, ndiyo nyumba ya muziki wa swingi wa Texas. Lakini gitaa la zamani la shingo mbili likiwa ndani ya kasha lake linaweza kupita kilo 30, na mashirika mengi ya ndege huanza kutoza zaidi mzigo ukizidi kilo 23. Hesabu pia ngazi. Hesabu mgongo wako ukiwa na miaka 50. Bendi zetu zinapiga kantri, injili na muziki wa harusi, na sijaona usiku ambao shingo moja ya E9, pedali tatu na nyenzo nne, ilishindwa kazi. Zipo za shingo moja ambazo pamoja na kasha hazifiki kilo 23. Lipime na mizani yako, usiamini karatasi.

Ila usishuke chini ya hapo. Magitaa ya wanafunzi yenye pedali tatu na wenzo mmoja wa goti yanavutia kwa bei, lakini utajifunza nusu ya lugha, na ndani ya mwaka utaliuza kwa hasara.

Niwaeleze kilichonipata, kwa kuwa nilikilipia. Niliwahi kusafiri kwa ndege na gitaa langu, nikaweka ubao wa pedali ndani ya kasha bila kuufunga, umefunikwa kwa taulo tu. Kasha lilipotoka kwenye mkanda wa mizigo lilikuwa limesimama wima. Fito ya pedali ya tatu imepinda, na ndoano yake ya kushikia shafti haishiki tena. Nilipiga onyesho zima kwa pedali mbili, nikikwepa kila wimbo unaohitaji ya tatu, na mwimbaji hakujua kwa nini ninambadilishia mpangilio. Tangu siku ile, kabla sijanunua gitaa natazama kasha kwanza kama ninavyotazama tumbo: je, kila kitu kina kitanda chake? Miguu, ubao, fito? Kasha bovu linaua gitaa zuri.

Na miguu yenyewe. Inafungwa kwa kuzungushwa, na kila onyesho unaifunga na kuifungua. Hesabu maonyesho 100 kwa mwaka. Izungushe mwenyewe yote minne kabla hujalipa; inapoingia iingie laini kwa mkono, bila koleo. Mguu ukitikisika wakati umekazwa, soketi imelika, na wewe utapiga muziki ukiwa umeegemea goti moja kama anayezuia mlango.

Uzi wa 3 utakatika. Ni mwembamba, inchi 0.011, umekazwa hadi G shapu na pedali inauvuta tena hadi A, usiku kucha. Unakatikia pale juu ya kidole cha chenja. Ukipitisha ukucha juu ya kidole hicho ukahisi mfereji, ujue ndiko nyuzi zinakoliwa. Beba za akiba kumi, uwe umejifunza kuubadilisha gizani.

Kuhusu umaliziaji, sina mengi. Mbao ya mepo (maple) iliyopakwa lakari, yaani vanishi ngumu inayong'aa, ni nzuri kama kabati la bibi arusi, lakini inapasuka ikitoka kwenye gari lenye baridi kali na kuingizwa ukumbini penye joto. Fomaika, ile ile ya meza za jikoni, haina kiburi, na ndiyo ninayoipendekeza. Yoyote utakayochukua, acha kasha lipumzike ukumbini kwanza, ndipo ulifungue na kutyuni.

Jambo la mwisho ni kwa wale wanaopanga kurudi nyumbani kupiga Nairobi au Dar es Salaam, na Kenya wapenzi wa Jim Reeves na Don Williams mnajua walivyo wengi. Gitaa lenyewe halihitaji umeme. Amplifaya yako ya hapa ni ya volti 120. Ukiichomeka kule kwenye volti 230 au 240 utasikia harufu kabla ya sauti. Beba transfoma, au kodi amplifaya kule kule. Pedali ya sauti ya kawaida, yenye poti ndani, yaani kifaa kinachozungushwa kupunguza na kuongeza sauti, haijali uko nchi gani, lakini poti hulika, basi beba ya akiba.

Langu ni hili hapa mbele, la shingo moja, fomaika nyeusi, lina mikwaruzo ya miaka kumi na moja. Sitawaambia mlinunue, haliuzwi. Kaka uliyekaa kiti cha kwanza, njoo ushike miguu ya upande ule. Dada mwenye tochi, simama hapa karibu nami. Fungueni kasha, tuligeuze polepole.