Kuweka mpira wa kuanzisha uchungu bila kumtesa mama

Habari zenu wakunga wenzangu. Leo tunaweka mpira wa Foley, ule wa mkojo wenye puto nchani, kwa mama ambaye daktari ameshaamua aanzishiwe uchungu, lakini njia, yaani mlango wa kizazi, bado imefunga. Nafanyia kwenye modeli, polepole, muone mkono unavyokwenda. Na wewe mjamzito uliyepita tu hapa, karibu utazame ujue kinachokungoja, ila hii ni kazi ya wodini, si ya nyumbani.

Glovu bado. Shika faili kwanza. Kondo la nyuma likiwa limekaa chini, au mama anatokwa damu, hatuweki. Chupa ikiwa imeshapasuka, rudi kwa daktari mzungumze. Sikiliza mapigo ya moyo ya mtoto, andika. Halafu mwambie mama akakojoe. Tunaliruka sana hili, kisha tunalalamika mama anabana mapaja. Atafanyaje, na kibofu kimejaa?

Sasa vuta pazia, vuta na kiti, ukae. Mwambie utaingiza nini, wapi, na kwamba akisema subiri, utasubiri. Usimdanganye kuwa hauumi. Wengi husikia mkazo kama wa tumbo la hedhi, na ukishamwahidi kuwa hatasikia kitu, hatakuamini tena usiku mzima.

Tazama namna ya kumlaza: kichwa kimeinuliwa kidogo, nyayo zinagusana, magoti yanaanguka pembeni yenyewe, khanga juu ya magoti. Angalia vidole vyake vya miguu. Vikiwa vimejikunja, hajalegea. Ngoja.

Kuna namna mbili za kuuingiza. Mimi huanza na vidole. Navaa glovu tasa, napaka jeli ya kutosha, naingiza viwili hadi kwenye mlango wa kizazi, kisha napitisha mpira namba 16 au 18 katikati yao. Kidole kinauelekeza, mkono wa pili unasukuma. Mpira huu ni laini, utajikunja. Urudishe, uanze tena, usiushindilie. Mlango ukiwa umelala nyuma sana usiufikie, chukua spekulamu, kile chombo cha kufungulia uke. Hapo unaona kwa macho, lakini ni chuma, basi kipashe kwanza kwa maji ya uvuguvugu na ujijaribie mwenyewe kwenye mkono. Ukishika mpira kwa koleo, shika bila kutoboa puto. Na mama akisema hataki chuma, au hataki vidole, msikilize.

Ukishavuka mlango wa ndani, jaza puto kwa maji ya sindano, mililita 30 taratibu, huku unamtazama usoni. Hospitali nyingine hufika 60. Fuata mwongozo wa kwenu. Akishtuka kwa maumivu makali, huenda puto limejaa likiwa bado ndani ya mlango. Toa maji, sogeza mbele, jaza upya. Kisha vuta kidogo hadi puto likae, ubandike mpira kwenye paja kwa plasta. Sikiliza mtoto tena.

Ndugu watauliza mbona mfuko wa mkojo haupo. Waeleze: mpira ni uleule wa mkojo, ila hapa puto linakandamiza mlango wa kizazi, na mlango wenyewe unaanza kutoa kemikali za kuulainisha. Ndiyo maana mama hahitaji kulala kama mgonjwa. Atembee, aoge, aende chooni. Akitoka damu nyingi, chupa ikipasuka, akipata homa, au mtoto akipunguza kucheza, akuite mara moja.

Njia ikifika kama sentimita 3 au 4, puto hutoka lenyewe. Saa 12 zikipita halijatoka, mpime upya na umwite daktari. Na hili mwambie mapema, kabla hujaondoka kitandani: mara nyingi linadondoka akiwa chooni. Mama asiyeambiwa hutoka mbio akidhani kimemtoka kitu cha mtoto. Aliyeambiwa huja taratibu, ameshika khanga yake: "Dada, ule mpira umetoka." Andika saa, mpime njia.