Nisingefuta ile 9.6

Shikamooni walimu. Wanafunzi, hamjambo?

Nikiwa kidato cha sita tulifunga jiwe kwenye kamba ya mita 1, likabembea, tukatafuta g, yaani kipimo cha mvutano wa dunia. Mimi nilipata 9.6. Nikaifuta, nikaandika 9.81 ya kitabuni, nikapewa vema. Kupika data, ndivyo tulivyoita.

Jamani, nilifuta somo. Hapa Tabora tuko jirani na ikweta, tena karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo g yetu ni kama 9.78. Ile 9.81 ni ya Ulaya! Na 9.6 yangu ilikuwa na sababu: kamba niliipima hadi kwenye fundo, badala ya katikati ya jiwe. Sentimita 2 tu.

Mmeniuliza vyeti. Mkiwa na PCM (fizikia, kemia na hisabati) na ufaulu mzuri, shahada ya kwanza ya fizikia pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ni miaka 3. Mhandisi ana Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Shahada ya fizikia peke yake haikupi usajili wa namna hiyo, kwa hiyo wengi huendelea na uzamili. Jifunzeni pia kuandika programu za kompyuta, mapema.

Kwenye fizikia tiba, kazi yangu, njia ni ndefu zaidi. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki linashauri uzamili, kisha mafunzo ya vitendo hospitalini yasiyopungua miaka 2, chini ya uangalizi. Miaka hiyo inakwenda wapi? Kwenye kupima. Mgonjwa wa saratani anapolala chini ya mashine, mionzi inayomfikia isipishane na ile aliyoandikiwa na daktari kwa zaidi ya asilimia 5 hivi. Humo mmejumlishwa makosa yote: ya mashine, ya hesabu, ya namna alivyolazwa. Fundo langu peke yake lilikula karibu asilimia 2. Mionzi ikizidi, inaunguza nyama yenye afya. Ikipungua, uvimbe unabaki. Kwa hiyo namba isiyonipendeza naiandika kama ilivyo, kisha natafuta ilikotoka.

Sasa, kamba hii hapa, na jiwe. Nahitaji mmoja wa kushika saa, mwingine wa kuhesabu hadi 100. Na tunapima hadi katikati ya jiwe.