Kichanga Yuko Njiani: Kiti cha Gari au Kigari cha Kusukuma?

ZUBEDA: Asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na habari za wakati huu popote mnapotusikiliza. Tuko hapa Mwanga, Kigoma. Mimi ni Zubeda, mama wa watoto watatu.

FESTO: Na mimi ni Festo, dereva kwa kazi, na baba mtarajiwa. Wifi yako ameingia mwezi wa nane, dada Zubeda. Nyumba nzima sasa hivi ni orodha ya vitu vya mtoto.

ZUBEDA: Mungu amfikishe salama. Na swali la leo limetoka kwenye orodha hiyohiyo, sivyo?

FESTO: Ndiyo. Kaka yangu yuko Dar, amesema atapita Kariakoo anitumie mzigo kwa basi. Hela niliyonayo inatosha kitu kimoja cha maana. Mama kijacho anataka kigari cha kusukuma, kile chenye kivuli na matairi manne. Mimi nimekuwa nikifikiria kiti cha mtoto cha kwenye gari. Tumezungumza mpaka tumekwama, nikasema hili nilete kwenye kipindi.

ZUBEDA: Nikuulize kwanza. Gari unalo?

FESTO: Nina Noah, ya biashara na ya nyumbani pia.

ZUBEDA: Na mtoto atapanda hiyo Noah?

FESTO: Atapanda tangu siku ya kwanza, tukiruhusiwa hospitali ya Maweni. Na mwezi haujaisha bibi yake wa Kasulu atataka kumwona.

ZUBEDA: Basi kiti kwanza, Festo. Sitazunguka. Kazi ya kigari ina watu na vitu vya kuifanya: kuna kitenge, kuna mikono ya bibi, kuna shangazi, kuna binti wa jirani anayeomba kumbeba kila jioni. Kazi ya kiti ndani ya gari hakuna kitu kingine nyumbani kwako kinachoweza kuifanya.

FESTO: Hapo ndipo wazee wanaponipinga. Wanasema sisi wote tumepakatwa garini na tumekua. Mikono ya mama ndiyo salama kuliko plastiki.

ZUBEDA: Mikono ya mama ni salama kwa kila kitu isipokuwa ajali. Chukua kichanga wa kilo tatu na nusu. Gari likiwa kwenye mwendo wa 50 likagonga na kusimama ghafla, mwili unasukumwa mbele kwa nguvu inayofika mara thelathini ya uzito wake, au zaidi. Hiyo inazidi kilo mia moja, mifuko miwili ya saruji na ushee, na inakuja kwa kufumba na kufumbua. Hakuna mama anayeweza kuizuia, hata angempenda mtoto namna gani. Na mwendo wa 50 si mwendo wa kasi, wewe dereva unajua.

FESTO: Barabara ya Kasulu watu wanakwenda zaidi ya hapo.

ZUBEDA: Eee. Na kuna wale wanaofunga mkanda mmoja, mama na mtoto humohumo. Jamani, msifanye hivyo. Gari likigonga, uzito wote wa mama unamkandamiza mtoto kwenye mkanda. Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, inakadiria kwamba kiti cha mtoto kinapunguza hatari ya kifo kwa watoto wa chini ya mwaka mmoja kwa asilimia 71 kwenye magari madogo. Mimi nikisikia namba ya namna hiyo siulizi tena kuhusu picha za kigari.

FESTO: Sasa nielekeze. Kiti chenyewe kinawekwaje? Maana nimeona wengine wanamgeuza mtoto aangalie mbele kama abiria.

ZUBEDA: Kichanga anaangalia nyuma. Uso wake unaelekea mgongo wa siti. Sababu ni kichwa. Kichwa cha mtoto mchanga ni karibu robo ya urefu wake wote, na shingo bado ni laini, mifupa haijakomaa. Akiangalia mbele, gari likigonga mwili unazuiwa na mikanda lakini kichwa kinaendelea kwenda, na shingo ndiyo inayobeba yote. Akiangalia nyuma, nguvu ile inasambaa mgongoni, kichwani na shingoni kwa pamoja, ganda la kiti linaipokea. Kanuni mpya ya Ulaya, R129, iliyoanza mwaka 2013, inataka mtoto abaki ameangalia nyuma mpaka apite miezi 15. Na madaktari wengi wanasema azidi hapo, ilimradi kiti bado kinamtosha.

FESTO: Siti ya mbele je? Mama anapenda amwone.

ZUBEDA: Siti ya nyuma. Kiti kinachoangalia nyuma kikiwekwa mbele ya eabegi inayofanya kazi, yaani ule mfuko wa hewa unaofumuka gari likigonga, ile eabegi ikifumuka inapiga mgongo wa kiti palepale kilipo kichwa cha mtoto. Inaua. Mama akitaka kumwona, akae naye nyuma.

FESTO: Nimekuelewa. Sasa niongeze la kwangu, la udereva, maana hapa ndipo watu watakwama. Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na tukishayapata, la kwanza tunaloshona ni makava ya siti. Juzi nimefungua ya kwangu. Vifungio vya mikanda ya nyuma vyote vimezama chini ya kava, vimejaa vumbi jekundu na maganda ya karanga. Nimevitoa kimoja kimoja, nikapuliza, nikasafisha kwa mswaki na maji mpaka vikaita "taa" vinapofunga. Kimoja kimegoma kabisa. Yaani ningenunua kiti nikakileta nyumbani, ningekuwa sina pa kukifunga.

ZUBEDA: Hilo ni la kulisema mara mbili. Kabla ya kutuma hela Kariakoo, angalia mikanda ya gari lako.

FESTO: Na uangalie ni mkanda wa aina gani. Siti ya katikati kwenye magari ya zamani huwa ina mkanda wa kiunoni tu. Viti vingi vya kichanga vinahitaji mkanda unaopita kiunoni na begani. Kwingine mkanda ni mfupi, haufiki kuzunguka kiti. Halafu ingiza mkono kwenye ufa kati ya mgongo wa siti na makalio yake. Ukigusa vyuma viwili vigumu vimejipinda, hizo ni ndoano za Isofix, na kuna viti vinavyong'ata moja kwa moja hapo. Gari lako likiwa nazo, mwambie anayekununulia.

ZUBEDA: Ukitumia mkanda, tafuta alama za buluu ubavuni mwa kiti. Kwa kiti kinachoangalia nyuma, mkanda unapita kwenye njia za buluu. Ukishaufunga, shika kiti pale mkanda unapopita ukitikise. Kisisogee zaidi ya sentimita mbili na nusu. Kikicheza, anza upya.

FESTO: Na mtoto mwenyewe akiwa ndani?

ZUBEDA: Mikanda ya mabegani itokee usawa wa mabega yake au chini kidogo, isitokee juu. Kaza, halafu jaribu kuufinya ule mkanda kwa vidole viwili pale begani. Ukifanikiwa kuukunja, bado umelegea. Kingine ni hii desturi yetu ya kumfunga mtoto kitenge, blanketi, sweta, kofia, halafu ndiyo mikanda juu. Ule unene wote unabonyea kwenye ajali, na mikanda inabaki inaning'inia. Mvalishe nguo nyepesi, funga mikanda, ndipo umfunike kitenge kwa juu. Na gari likiwa limesimama juani, gusa kwanza kile chuma cha kifungio. Kinaunguza.

FESTO: Kulala je? Nimesikia mtoto anaweza kushindwa kupumua akilala mle.

ZUBEDA: Ni kweli, na nataka mama zangu wanisikilize hapa. Kichanga hawezi kunyanyua kichwa chake. Kiti kikisimama wima mno, kidevu kinaangukia kifuani na njia ya hewa inabanwa. Hapigi kelele, hakohoi. Ndiyo maana kiti kina mstari au kialama ubavuni cha kukuonyesha mlalo sahihi, na ndiyo maana mtu mzima anakaa nyuma kumtazama. Ushauri wa kawaida ni asizidishe saa mbili mfululizo kitini, na wiki zile za mwanzo iwe nusu saa tu inapowezekana. Kwa hiyo safari ya Kasulu subirini kidogo, na mkienda, simameni njiani mumtoe, anyonye, ajinyooshe. Mkifika, mtoeni mlaze kwenye godoro bapa. Kiti si kitanda. Kumwacha amelala mle sebuleni kwa kuwa ametulia, hapana. Na aliyezaliwa kabla ya wakati, muulizeni daktari kwanza, na msome kiti kinaanzia uzito gani.

FESTO: Kuna rafiki yangu anauza mtumba. Anacho kimoja, kizuri kwa macho.

ZUBEDA: Kigeuze. Viti vya Ulaya vina karatasi ya rangi ya chungwa yenye herufi E ndani ya duara, na imeandikwa R44/04 au R129. Cha kichanga kwa kanuni ile ya zamani kinaishia kilo 13. Tafuta tarehe ya kutengenezwa, huwa imegongwa kwenye plastiki. Viwanda vingi vinakipa kiti kati ya miaka 6 na 10, kwa sababu plastiki inachoka, na joto linaichosha zaidi. Swali kubwa ni hili: kimewahi kuwa kwenye ajali? Kama muuzaji hajui kilikotoka, mimi nisingempandisha mtoto. Cha dada yako, ambacho unajua historia yake yote, hicho chukua kwa moyo mmoja. Na vile vya kitambaa kitupu, havina ganda, vinafungwa kwa kamba kwenye siti, viacheni dukani hata kama ni bei ya chee.

FESTO: Sasa tumtendee haki mama kijacho. Kigari hakina kazi kabisa?

ZUBEDA: Kina kazi, na kuna nyumba ambayo ningeiambia ianze nacho. Kama huna gari, safari zako ni miguu na bajaji, kiti hutakifunga popote, bajaji haina mkanda wa kukishika. Mama wa mapacha, mnunulie kigari. Aliyejifungua kwa upasuaji, kidonda bado kibichi, akisukuma badala ya kubeba anapata nafuu. Na bibi mwenye mgongo mbovu anayebaki na mjukuu.

FESTO: Lakini kwa Kigoma hii yetu? Toka Mwanga uteremke Barabara ya Lumumba mpaka stesheni, ni mteremko mtupu. Ukirudi ni mlima.

ZUBEDA: Ndiyo maana usinunue kwa rangi. Matairi madogo ya plastiki ni ya sakafu ya duka. Kwenye changarawe na mchanga wa vichochoro vya Ujiji yanazama, na masika tope jekundu linayakaba. Taka matairi makubwa. Breki uijaribu mwenyewe ukiwa mteremkoni, bila mtoto. Kiwe na kamba ya kuvaa kwenye kifundo cha mkono. Na kwa kichanga, lazima kilale bapa. Vile vyepesi vinavyokunjwa kama mwavuli ni vya mtoto anayekaa mwenyewe, karibu miezi sita.

FESTO: Jua nalo? Naona kinamama wanafunika kigari chote kwa khanga.

ZUBEDA: Usifunike. Chini ya khanga hewa haizunguki, joto linapanda haraka, na wewe humwoni. Tumia kivuli chake na tembea asubuhi. Jioni mbu wakitoka, weka chandarua, kinapitisha hewa.

FESTO: Kuna vile vya seti, kiti cha gari kinachopachikwa juu ya kigari.

ZUBEDA: Ni vizuri kwa kutoka garini kwenda kliniki bila kumwamsha. Ila zile saa mbili zinahesabiwa pamoja, za garini na za juu ya matairi. Ukipata seti ambayo ina na kitanda bapa, chukua.

FESTO: La mwisho limetumwa na msikilizaji wa Gungu. Hana kiti, hana hela yake, na mke wake anaruhusiwa wiki hii. Taksi ndiyo watakayopanda. Afanyeje?

ZUBEDA: Kwanza aulize. Ndugu, waumini wenzake, majirani. Kiti cha kichanga kinatumika muda mfupi, mahali fulani kiko stoo kimekaa. Kikikosekana kabisa, mama akae nyuma, ajifunge mkanda yeye peke yake, ampakate mtoto nje ya mkanda. Dereva aende polepole. Si salama, sitamwambia ni salama. Inapunguza hatari tu, basi.

FESTO: Na sisi madereva tukiambiwa kuna kichanga, tupunguze mwendo bila kununa. Mimi kesho nashughulikia kile kifungio kilichogoma, halafu ndiyo nampigia kaka.

ZUBEDA: Mpigie ukiwa umeshapima urefu wa mkanda. Na wifi yangu mwambie kigari tutamchangia siku ya arobaini.

FESTO: Nitamwambia leo hii. Asanteni kwa kutusikiliza.