Kabla hujauliza nani kakosea, iangalie kazi yenyewe

Jamani, asanteni kwa kuja. Ajali ikitokea kazini huwa tunauliza nini kwanza? "Nani kafanya?" Si ndio? Tukishampata basi, anapewa barua ya onyo, anapelekwa semina, faili linafungwa, na ile valvu iliyomponza iko palepale inamsubiri wa shifti ijayo. Hili linaniuma sana.

Chukueni Three Mile Island, kule Marekani, 28 Machi 1979, saa 10 alfajiri. Valvu ya kupunguza presha imekwama wazi, maji ya kupoza kinu cha nyuklia yanatoka, waendeshaji mitambo wanaangalia taa, taa imezimika, kwa hiyo wao wanajua valvu imefunga. Kumbe ile taa haionyeshi valvu iko wazi au imefunga, inaonyesha tu kama amri ya umeme imeenda! Alamu zaidi ya 100 zinalia kwa mpigo, geji inawaambia maji yamejaa kupita kiasi, wakapunguza maji ya dharura. Zikapita zaidi ya saa 2 ndo njia ile maji yanapotokea ikazibwa, na mwishowe kinu kikayeyuka sehemu. Sasa mtu kama huyo utamwambia awe makini, makini na nini wakati taa yenyewe inamdanganya?

Ndo maana nasema tuichambue kazi. Unaanza na lengo, unalivunja hatua kwa hatua, halafu kila hatua unaihoji: mfanyakazi anajuaje kwamba imekamilika? Anaweza kuiruka, au kuifanya kabla ya wakati wake, au kushika swichi ya jirani? Na akikosea atagundua saa ngapi, kabla ya madhara au baadae? Hilo la mwisho ndo watu wanalisahau kabisa. Na usiifanye ofisini na kitabu cha maelekezo mkononi, nenda ukasimame naye shifti ya usiku, umuombe akuonyeshe anavyofanya kweli, bila kumtisha, maana ukimtisha atakuonyesha ya kwenye kitabu.

Vita Kuu ya Pili marubani wa B-17, ndege ya kivita ya Marekani, walikuwa wakishatua wanakunja magurudumu badala ya flapu (zile sehemu za bawa zinazoshushwa wakati wa kutua), ndege inakaa kwa tumbo. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis akaangalia swichi, akakuta zinafanana na zimekaa jirani. Dawa yake: moja ikapewa umbo la gurudumu, nyingine umbo la kabari, mkono unajua wenyewe hata gizani. Kilichobadilishwa ni swichi, si mtu.

Kuna pia hesabu za uwezekano wa kukosea, watafiti Swain na Guttmann walitoa kitabu chao cha hesabu hizo 1983, zinasaidia, ila namba bila kuijua kazi ni kubahatisha tu.

Na hili la kazi kusainiwa na watu wawili, nawaomba sana mliangalie. Tunaamini wakaguzi wawili ni usalama mara mbili, lakini kama wa pili anasaini kwa sababu anamwamini wa kwanza, hapo mmekagua mara moja tu. Mpeni wa pili asome geji mwenyewe, kabla hajaona mwenzake kaandika nini.