Klia Haioti Tena: Kupiga Polishi Gari kwa Mashine

(Mhadhara kwa vijana wanaoosha magari na mafundi wa rangi, Mwanjelwa, Mbeya)

Shikamooni wazee wetu mliokaa mbele. Vijana, habari za asubuhi.

Nimeombwa niwafundishe kupiga polishi kwa mashine, na naona macho yote yako kwenye hii mashine hapa mezani. Itakaa hapo kwanza. Anayeanza kujifunza huuliza, "Fundi, ninunue mashine gani?" Mimi ningependa aulize kitu kingine kabisa: gari hili lililoletwa kwangu limebakiwa na rangi kiasi gani?

Wateja wengi wanaamini polishi ni kitu tunachopaka, na sisi tumewaacha waamini hivyo kwa sababu inasaidia biashara. Kompaundi, yaani ile dawa ya kupigia polishi, ina chembe ndogondogo ngumu, mara nyingi za oksidi ya alumini, na kazi yake ni kukata. Mkwaruzo hatuujazi. Tunaushusha uso wa rangi ulio pembeni yake mpaka ulingane na chini ya mkwaruzo. Kwa hiyo kila gari linalotoka kwako linang'aa limetoka jembamba kuliko lilivyoingia, kama mche wa sabuni.

Jembamba kiasi gani? Rangi ya kiwandani, ukijumlisha praima ya chini, rangi yenyewe na klia, lile tabaka la juu lisilo na rangi, kwa kawaida ni mikroni 100 hadi 150 hivi. Mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu una kama 70. Katika hizo, klia ni 40 au 50 tu. Polishi nzito ya mara moja inaweza kuondoa 3 mpaka 5. Sasa piga hesabu ya mtu anayeleta gari kila Krismasi akitaka "ling'ae kama jipya". Klia ndiyo iliyobeba kinga ya jua. Ikishapungua sana, mwaka huu hutaona kitu. Baadaye juu ya paa na kwenye boneti kunaanza weupe, kisha inababuka vipandevipande. Hapo hakuna polishi, ni msasa na kupaka upya.

Na sisi hapa Mbeya tuko juu, mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari. Miale ya jua inayoharibu rangi huongezeka kwa asilimia 10 hivi kila unapopanda mita 1,000. Baridi ya Juni inatudanganya, tunadhani jua la hapa ni dogo kuliko la Dar es Salaam. Ngozi ya mtu na klia ya gari vinajua vingine.

Haya, gari limefika. Kabla ya yote, soma kibati chake. Magari yetu mengi ni mitumba ya Japani, na Toyota ndizo nyingi zaidi. Fungua boneti au mlango wa dereva, tafuta kibati chenye mstari ulioandikwa C/TR. Hapo kuna namba ya rangi. Ukikuta 040, ile nyeupe ya kawaida, kwenye magari mengi haina klia kabisa. Ukikuta 202, nyeusi, jiandae: ni laini, inakwaruzika hata kwa kitambaa unachokiona safi. Lakini kibati kinasema gari lilivyotoka kiwandani, hakisemi lililolipata njiani kati ya Tunduma na Uyole. Huenda mlango ulishagongwa, ukapigwa puti ya kujazia bonde, ukapakwa rangi kwenye kibanda. Kwa hiyo jaribu kidogo sehemu isiyoonekana, kwa mkono. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, hakuna klia juu yake. Si hatari, ila ujue kwamba unakata rangi yenyewe.

Mwenye uwezo anunue kipimo cha unene wa rangi. Kile cha bei ndogo husoma juu ya chuma tu. Kwenye bampa la plastiki hakikuambii kitu, na bodi ya alumini inahitaji kile kinachosoma metali zote mbili. Paneli moja ikisoma 120 na ya jirani ikasoma 600, hapo kuna puti chini.

Kisha osha. Nyie wa kuosha mnisikilize vizuri hapa, maana alama zile za duara zinazoonekana kwenye gari jeusi likisimama juani, sehemu kubwa sisi ndio tunaozitengeneza. Kiangazi vumbi linakaa juu ya gari, kijana anakuja na tambara kavu anapangusa ili apate mia tano yake. Hiyo ni msasa. Mwagia maji kwanza vumbi liondoke, tumia ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa. Mkifanya hivyo tu, nusu ya magari yanayoletwa kwangu yasingeletwa. Nitakosa hela, lakini sawa.

Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukucha ukikwama, mkwaruzo huo ni mrefu kwenda chini kuliko unavyoruhusiwa kukata. Utaupunguza makali tu, na umwambie mteja mapema, kabla hajakubali bei.

Sasa mashine. Ziko aina mbili. Ya kwanza inazungusha sponji kwenye mhimili mmoja tu, duara moja kwa moja. Inakata haraka, inapasha moto haraka, na mkono usiotulia unaacha mawimbi yanayoonekana chini ya taa. Ya pili inazunguka huku ikiyumba, milimita 8, 15 au 21 kutegemea mashine. Ukiibonyeza sana sponji inaacha kuzunguka, inabaki kutikisika tu. Wengine wanaona huo ni udhaifu. Kwa mwanafunzi ni ulinzi, na mimi ningekataa kabisa mtu aanze na ile ya kwanza.

Na grenda? Najua mnaiuliza kimoyomoyo. Grenda ndogo ya kukatia chuma inazunguka mara 11,000 hivi kwa dakika. Mashine ya polishi ya duara, kwa kazi ya kawaida, tunaiweka kati ya 1,000 na 1,500. Kufunga sufi kwenye grenda isiyopunguzwa mwendo ni kuchoma rangi ya mtu kwa umeme wake mwenyewe. Nimeziona Noah zilizofanyiwa hivyo, milango ina doa la praima kwenye kila kona.

Kwenye kona ndiko rangi huwa nyembamba, na ndiko sponji inapokandamiza kwa nguvu. Bandika tepu ya karatasi kwenye kingo za paneli, kwenye mistari iliyokunjwa ya bodi, na juu ya raba. Bampa liogope zaidi: plastiki haitawanyi joto kama bati, moto unabaki pale pale.

Chagua eneo la jaribio, sentimita 50 kwa 50. Anza na kilicho laini: sponji laini, kompaundi laini. Matone manne au matano, yasizidi punje ya choroko moja moja. Paka kwanza kwa mwendo mdogo ili isirukie kioo, kisha ongeza. Tembeza taratibu, sentimita 2 au 3 kwa sekunde, kila mstari ufunike nusu ya uliotangulia. Ukimaliza wima, rudia mlalo. Chora mstari wa kalamu kwenye kitako cha sponji. Mstari ukionekana umesimama, sponji haizunguki, legeza mkono. Gusa bati kwa mgongo wa kiganja: liwe vuguvugu, lisikuchome.

Futa, angalia kwa tochi ya simu kutoka pembeni. Halafu, na hapa ndipo ujanja wa wengi unapofichuka, pangusa tena kwa spiriti iliyochanganywa na maji. Polishi nyingi zina mafuta yanayojaa kwenye mikwaruzo na kuificha. Gari linatoka hapo linameta, mteja analipa, mvua ya Novemba ikipiga mara chache alama zote zimerudi. Baada ya spiriti ukiona bado hazijaisha, ndipo upande ngazi moja: sponji ngumu zaidi, au kompaundi kali zaidi, kimoja kwa wakati. Zikiisha, acha. Usiongeze raundi "kwa usalama".

Usafishe sponji kwa brashi kila paneli moja. Unga wa rangi uliokatwa ukijaa humo unakuwa mkwaruzo mpya. Ukimaliza gari, paka nta.

Kijana pale nyuma anauliza afanye mazoezi wapi ikiwa hana gari. Usiguse la mteja, hata la shemeji yako. Nenda kwa wauza vyuma chakavu, tafuta boneti nyeusi yenye klia nzima. Ina mkunjo, ina kona, ina bonde, kila kitu kipo. Igawe kwa tepu sehemu nne. Ya kwanza usiiguse. Ya pili piga kwa laini, ya tatu kwa kali ukifuatiwa na laini, ili uone tofauti kwa macho yako. Ya nne, simamisha mashine kwenye kona, bonyeza, na uendelee mpaka iungue. Angalia inavyofifia kwanza, kisha rangi inavyoanza kutoka kwenye sponji, kisha praima inavyochungulia. Hesabu sekunde.

Kuna boneti tatu hapo nje. Wa rangi chukueni ile yenye puti, na kipimo kipitishwe kwa kila mtu kabla mashine haijawashwa.